Hauna Mawe

Jumanne maji yalikatika Kimanga yote.
Nikaoga ya ndoo, kwa kopo, umeme nao umekwenda,
kipande cha sabuni kikiniteleza.
Kidole kikasimama
kabla yangu.

Miaka ishirini na mbili nauza mchele Tandale.
Vidole hivi havihitaji taa.
Nimwagie kilo moja kwenye ungo, nifumbe macho,
nitakutolea chuya, chenga, vijiwe,
na kucha ya mwanamke aliyeupeta huko Kyela.
Sasa vimenitolea hiki:
punje, ndogo kuliko choroko,
ngumu, haisogei,
pembeni mwa titi ambalo si titi.

Niseme vizuri. Lile la kuzaliwa nalo
lilikwenda mwaka ule maji yalipojaa Jangwani.
Hili walilijenga kwa nyama ya mgongo wangu,
wakaipitisha kwapani
kama watu wanaohamisha godoro kwenye mlango mwembamba,
wakashona.
Daktari alirudi hatua mbili akalitazama
kama fundi aliyemaliza ukuta.
Mpaka leo nikiligusa
mgongo ndio unaoitika.

Jumanne haukuitika.
Nilibonyeza, nikasubiri, nikabonyeza tena,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua.

"Mbona kimya huko, maji yameisha?"
Nikasema yameisha.

Ambokile yule alinyoa kichwa
siku zangu zilipoanza kubaki kwenye mto.
Alijifunza uji wa ulezi usio na madonge.
Nilitoka nikamkuta kochini, redio sikioni,
mpira kipindi cha pili, mguu juu ya stuli,
kanenepa kidogo, hatimaye.
Nikasema moyoni, amalize dakika zake.
Zikawa siku nne.

Na mbuzi je? Mbuzi wa shukrani tulishamla.
Usharika mzima ulikuja, mchungaji akanishika mkono
akauinua kama wa bondia.
Nani anarudisha mbuzi aliyekwisha liwa?

Ijumaa, hospitali. Benchi lilelile,
feni ileile yenye pangaboi moja lililopinda.
Nesi akanikumbuka, akafurahi,
akaniketisha kando ya binti mwenye kilemba kipya:
"Muulize huyu, huyu alipona."
Binti akauliza kama dripu inaunguza.
Nikamwambia inaunguza, halafu inapita.
Hakuniuliza mimi nimefuata nini.

Daktari mwenyewe kijana, mikono baridi.
Huenda ni mafuta yaliyokufa, alisema, hutokea.
Huenda ni kovu limejikunja.
Huenda ya tatu hakuimalizia,
akageuka kutafuta sindano.
Mimi nimezoea kuhesabu vibaba;
nilizihesabu zote tatu,
hata ile isiyojaa.
Majibu siku kumi. Za kazi, akaongeza,
kana kwamba nyingine hazina kazi.

Jumamosi usiku niliuchukua mkono wa Ambokile
nikauweka pale.
Alikaa nao hapo muda mrefu.
Kisha akainuka, akaenda uani,
nikasikia anafunga bomba.
Maji yalikuwa yamerudi, yakimwagika, hakuna aliyejua tangu lini.
Aliporudi miguu yake ilikuwa imelowa.
Akasema, "Siku ya majibu sifungui karakana."
Basi. Tukalala, au tulilala chali.

Leo Jumatatu nimefungua meza kama kawaida,
bandeji chini ya kitenge.
Mteja wangu wa Manzese kaja, mama lishe,
kazamisha mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko:
"Mama Tusajigwe, hauna mawe?"

Nina jibu langu, watu wote wa mstari huu wanalijua,
hata watoto wa wenzangu hunigeza sauti:
Hauna mawe mwanangu, ukilipata moja niletee nilitafune.

Mdomo ukafunguka.
Nikaangalia mkono wake ndani ya mchele,
jinsi ulivyotulia, jinsi ulivyoniamini.

"Chambua," nikamwambia. "Hata wangu, chambua."

Akacheka, akadhani ni mzaha.
Akachukua kilo tano.
Nikamwongezea konzi moja juu, nikafunga.